Kidonge Hakiingii Kwenye Jino Lililokufa

Ameingia na kanga imemzunguka uso, imepita chini ya kidevu na kufungwa fundo utosini. Shavu la kushoto limejaa hadi ngozi inang'aa, na mstari wa taya umepotea. Ni asubuhi ya Juni, Sumbawanga ina baridi yake ya kuuma vidole, na baridi hiyo ndiyo itakayosingiziwa kwanza. Tabibu wa meno, kijana aliyesomea Mbeya, anamwamkia: "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi sikuja kung'oa, usiniandalie hayo makoleo. Niandikie tu dawa ya kushusha uvimbe. Ukishuka nitarudi uning'oe."

Kisha anafungua pindo la kanga na kutoa kipakiti cha plastiki chenye vidonge vinne vya rangi mbili. Vingine ameshameza, kimoja kimoja, kila jino liliposhtuka.

Mama huyo hana jina kwa sababu ni wengi. Mtumishi yeyote wa kitengo cha kinywa na meno, awe Sumbawanga mjini au Namanyere, amekutana naye mara nyingi kiasi kwamba anaweza kummalizia sentensi. Wakati mwingine ni mkulima wa mahindi kutoka Laela, wakati mwingine mvuvi aliyepanda kutoka Kasanga, wakati mwingine mwalimu mwenye shahada. Swali ni lile lile: ninywe dawa gani uvimbe ushuke kwanza? Na ni swali linalompoteza mwulizaji kabla hajajibiwa, kwa kuwa limeweka mkokoteni mbele ya ng'ombe. Uvimbe unatoka kwenye jino. Jino likiachwa mahali pake, uvimbe una kwao.

Watu wa mikoa mingine wakitajiwa Sumbawanga huanza mzaha wa uchawi, wa radi na ungo. Wafipa, wenyeji wa mji huo, wameshauzoea. Jina la mji wao, kwa lugha yao, lina maana ya kutupa uchawi, na mzaha huo hauwapunguzii debe la mahindi. Tiba ya uongo inayowaumiza leo haina ungo wala hirizi. Iko kwenye kabati la kioo, imepigwa muhuri wa tarehe ya kwisha muda, na anayeiuza amevaa koti jeupe.

Maduka ya dawa muhimu yalianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, na Rukwa, mkoa wenye Sumbawanga, ikawa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kufuata. Yalikuja kwa sababu nzuri: kijiji kisicho na famasi kipate dawa halali kutoka kwa muuzaji aliyefundishwa, zikiwamo baadhi ya antibayotiki. Mtoto mwenye nimonia kule bondeni, kando ya Ziwa Rukwa, ana nafasi nzuri zaidi ya kupona kwa sababu ya duka hilo. Lakini kabati lile lile limefanya amoksilini na flajili kuwa jibu la kila shavu lililojaa, na hapo ndipo pa kugombana.

Ndani ya jino kuna kiini, nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Damu yote ya kiini huingilia kwenye vitundu vilivyo nchani mwa mizizi, upana wake kama theluthi moja ya milimita. Jino likitoboka na bakteria wakafika ndani, kiini huvimba kama inavyovimba nyama nyingine yoyote iliyoumia. Ila kidole kikivimba kina pa kutanukia. Kiini kimezungukwa na ukuta mgumu. Anayetaka kuona mfano wake ajaze maharage makavu kwenye chupa, aongeze maji, afunge kizibo na kuiacha hadi asubuhi. Tofauti ni kwamba jino halipasuki. Kinachotokea ni kiini kujinyonga: kinavimba, kinabana mishipa yake yenyewe sehemu kwa sehemu, damu inakatika, nyama inakufa.

Yale maumivu ya usiku wa manane, yanayozidi ukilala na kukukalisha mekoni hadi jogoo anawika, ndiyo sauti ya kunyongwa huko. Halafu baada ya siku kadhaa yanakata. Mwenye jino analala fofofo, anaamka akiwa mtu mpya, na anamshukuru aliyempa vidonge. Hakuna kilichopona. Mshipa wa fahamu umekufa, na maiti haisikii maumivu.

Kuanzia siku hiyo jino ni chumba kisicho na damu. Limejaa mabaki ya nyama iliyooza na bakteria wanaoishi vizuri pasipo hewa, na hakuna mlango wa kuwafikia. Dawa ya kumeza husafiri kwa damu, haina usafiri mwingine. Fikiria lori la dawa linaloteremka kwenda kijiji cha mwambao wa Tanganyika wakati wa masika: limesheheni, dereva hodari, lakini daraja limeenda na maji. Hata yakija malori kumi, kijiji kitabaki bila dawa. Dozi ya pili haifiki ambako ya kwanza haikufika, wala sindano ya antibayotiki haifiki, hata ikiwa ya bei gani.

Bakteria wenyewe hawana haraka. Wanatokeza nchani mwa mzizi, wanakula mfupa taratibu, na usaha unatafuta pa kutokea: kwenye ufizi kama kijipu, kwenye shavu, chini ya taya, au ndani shingoni. Hilo halikuanza na soda na biskuti, ingawa sukari imelizidisha sana. Mwaka 1921, huko Kabwe nchini Zambia, nchi inayopakana na Rukwa, wachimbaji wa madini walifukua fuvu la mtu wa kale ambalo watafiti wamelikadiria kuwa na umri wa miaka kama 300,000. Meno yake kumi ya juu yametoboka, na kwenye taya kuna mashimo yaliyochimbwa na usaha. Mtu yule alikuwa na jipu la jino kama la mama mwenye kanga, na usaha wake ulifuata njia hizi hizi.

Sasa mtetezi wa vidonge atasema: lakini mimi nilikunywa, na uvimbe ukashuka! Ndiyo, ulishuka. Bakteria waliotoroka kwenda shavuni wako kwenye nyama yenye damu, na huko dawa inawafikia na kuwaua. Wenzao waliobaki ndani ya jino hawakuguswa. Wanazaliana, wanatokeza tena, na ndiyo maana jino la namna hii lina msimu wake. Linashtuka Januari wakati wa palizi, linanyamazishwa. Linavimba Mei mahindi yakikauka shambani, linanyamazishwa tena, safari hii kwa dozi mbili. Agosti, mazao yakishauzwa, linarudi na uvimbe mgumu usiosikia kidonge, na mwenye nalo anasema dawa za siku hizi ni feki.

Ugonjwa huu una tabia ya kupanda na kushuka wenyewe. Chochote alichotumia mgonjwa maumivu yalipokuwa kileleni ndicho kitakachobeba sifa yanaposhuka. Sifa huenda kwa aliyekuwapo mwisho. Mganga wa mdudu wa jino ameishi kwa kanuni hiyo miaka na miaka.

Mdudu huyo anajulikana. Mbegu za ndulele, vile vitunda vya manjano vinavyoota kandokando ya mashamba, huwekwa juu ya makaa, mgonjwa anaachama na kuvuta moshi kwa mrija, na chini yake kuna bakuli la maji. Baada ya muda kwenye maji vinaonekana vitu vidogo vyeupe, vimejikunja. Wadudu wametoka! Ulaya walifanya mchezo huo huo kwa mbegu za mmea wa jamii moja na ndulele, jamii yenye nyanya na tumbaku pia. Daktari Mfaransa Pierre Fauchard alitafuta wadudu hao mdomoni mwa wagonjwa wake na hakuwaona, akaandika hivyo mwaka 1728. Mwaka 1757 Mjerumani Jacob Christian Schäffer, mchungaji wa kanisa na mtafiti wa viumbe, alionyesha kuwa kile kilichokuwa kikielea kwenye bakuli ni viini vya mbegu, vimetoka maganda yalipopasuka kwa joto. Asiyeamini achome mbegu hizo juu ya bakuli bila mgonjwa yeyote. Wadudu watatoka vile vile.

Msomi wa mjini humcheka anayevuta moshi wa ndulele. Halafu yeye mwenyewe anapasua kidonge cha rangi mbili, anamimina unga kwenye tundu la jino na kuziba kwa pamba. Ni mdudu yule yule, amebadilishiwa koti. Unga huo unalowa mate, unaacha uchungu mdomoni, unamezwa. Ukiwa hapo juu ya tundu hauui kitu chochote kilichojificha mzizini, na kazi yake pekee ni kuwafundisha bakteria wa mdomoni jinsi ya kuizoea dawa. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel Desemba 1945 alionya kwamba siku itakuja mtu ataweza kuinunua dawa hiyo dukani, atakunywa kidogo kuliko inavyotakiwa, na kuwafanya vimelea kuwa sugu. Mwaka 2019 watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu. Vidonge vinne vilivyobaki kwenye pindo la kanga ni sehemu ya hesabu hiyo.

Tuje kwenye nusu ya pili ya imani hii, nayo ndiyo inayoua: kwamba jino lililovimba haling'olewi, ukiling'oa sumu inapanda kichwani.

Imani hiyo haikutoka hewani. Kuna ukweli mdogo ndani yake, na ukweli mdogo ndio unaokomaza uongo. Zamani jino lenye usaha liling'olewa kwa mateso kwa sababu ganzi haikushika. Nyama iliyojaa usaha ina asidi nyingi, na lidokaini ikichomwa katikati ya asidi hiyo inafika imeishiwa nguvu. Mgonjwa alipiga kelele, foleni nzima nje ikasikia, na habari ikafika Mpui kabla ya basi la jioni. Ukweli wa pili ni kwamba taya likivimba sana huwa halifunguki, na koleo haliwezi kupita. Wa tatu ndio mzito: kila eneo lina habari ya mtu aliyeng'olewa jino lililovimba na siku chache baadaye akazikwa.

Habari hiyo ichunguzwe. Mtu huyo alivimba siku ngapi kabla? Alikunywa nini? Kwa kawaida alikaa wiki nzima au zaidi na vidonge, usaha ukateremka shingoni, homa ikapanda, na ndipo akapakiwa kwenye pikipiki kupelekwa hospitali. Koleo lilifika maradhi yakiwa tayari kifuani. Akafa, na watu wakahesabu kuanzia koleo. Kama sifa inavyokwenda kwa aliyekuwapo mwisho, lawama nayo inakwenda huko huko: kidonge kilichokuwapo maumivu yalipotulia kinaitwa dawa, na koleo lililokuwapo mgonjwa alipokufa linaitwa sumu.

Mwaka 1836 daktari Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig alieleza uvimbe mgumu kama ubao unaoshika sakafu ya kinywa pande zote mbili, ukiinua ulimi na kuziba njia ya hewa. Maradhi hayo hadi leo yanaitwa kwa jina lake, na chanzo chake mara nyingi ni gego la chini lililooza. Anayekufa kwa hayo mara nyingi hukosa hewa, na mara nyingi jino bado limo mdomoni, halijaguswa. Wala hili si janga la vijijini kwetu tu. Februari 2007, katika jimbo la Maryland, Marekani, mtoto wa miaka 12 aitwaye Deamonte Driver alikufa kwa bakteria waliotoka kwenye jino bovu na kufika kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji wa kichwa mara mbili na kulazwa wiki kadhaa, gharama zikapita dola 250,000. Kuling'oa jino lile mapema kungegharimu kama dola 80. Maradhi yalipanda kichwani kwa sababu jino halikung'olewa mapema, kinyume kabisa cha wanavyosema watu kwenye foleni.

Na ganzi? Tatizo la ganzi lina jibu siku nyingi. Haichomwi kwenye usaha. Mama mwenye kanga, baada ya kubembelezwa, amekubali kukaa kwenye kiti. Tabibu anapitisha sindano nyuma kabisa ya gego la mwisho, mahali ambapo mshipa wa fahamu wa taya la chini la upande huo unaingia mfupani, mbali na uvimbe. Anasubiri dakika tano. "Mdomo unasikiaje, mama?" "Umekuwa mzito, kama si wangu." Mdomo wa chini upande wa kushoto umeshalala hadi kidevuni. Koleo linashika, linatikisa polepole nje na ndani, gego linaachia, na nyuma yake unatoka usaha wenye harufu ya yai viza. Uvimbe uliogoma vidonge kwa siku tisa umeanza kulegea kabla damu haijaganda. Mlango umefunguliwa, basi.

Taya lisipofunguka, au usaha ukiwa umeshakusanyika shavuni, daktari hupasua kidogo na kuutoa, kisha jino linafuata likifikika. Hapo, na hapo tu, antibayotiki zina kazi yake: uvimbe unaosambaa, homa, tezi za shingo kujaa, taya kugoma kufunguka, au mgonjwa ambaye kinga yake ni dhaifu kwa kisukari kisichodhibitiwa, matibabu ya saratani au Virusi vya Ukimwi visivyotibiwa. Hata hapo zinakwenda pamoja na kutoa usaha na chanzo chake. Hazitangulii wiki mbili mbele kama mtu anayetengeneza njia. Mtu mzima mwenye afya, jino linauma lakini hana uvimbe wala homa, hahitaji antibayotiki hata moja.

Lawama hii isiishie kwa mama na muuza duka. Wapo watumishi wa afya wanaomwona mgonjwa amevimba, wanamwandikia amoksilini na flajili, wanamwambia arudi uvimbe ukishuka. Wengine ganzi imewaishia na wanaona haya kusema. Wengine foleni ni ndefu, na kuandika ni haraka kuliko kung'oa. Wengine walifundishwa hivyo na aliyewatangulia kazini. Kila karatasi ya namna hiyo inamwambia mgonjwa, kwa muhuri na saini, kwamba majirani walisema kweli. Mtumishi asiye na ganzi au asiye na ujuzi aandike rufaa kwenda palipo na vyote viwili. Hilo ndilo la kuandika.



Sasa, la kufanya.

Maumivu ya leo yanatulizwa na dawa za maumivu: parasetamoli gramu moja kwa mtu mzima, isizidi mara nne kwa siku, na ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, mara tatu kwa siku. Hizi mbili zikienda pamoja hufanya kazi nzuri kuliko sindano nyingi zinazosifiwa. Mwenye vidonda vya tumbo, maradhi ya figo, pumu inayochochewa na aspirini, na mama mjamzito waiache ibuprofeni. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi kusukutua, ndiyo. Karafuu inatuliza kweli, mafuta yake yana ganzi hafifu, lakini inatuliza tu. Aspirini haiwekwi kwenye ufizi, inauchoma. Maji ya betri, petroli, gongo na ugoro tundu la jino halivihitaji. Shavu lililovimba lisikandwe kwa maji ya moto wala kuchanjwa wembe.

Jino lenyewe lina njia tatu. Kama kiini bado kizima, yaani linauma ukinywa cha baridi au kitamu na kutulia mara moja, linazibwa. Usiseme kijijini hakuna umeme: katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Mholanzi Jo Frencken, walianzisha hapa hapa Tanzania njia ya kukwangua uozo kwa vyuma vya mkono na kuziba kwa saruji ya meno inayoshika yenyewe, bila mashine. Shirika la Afya Duniani liliipigia debe dunia nzima tarehe 7 Aprili 1994, na mwaka 2021 likaiingiza saruji hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Kituo chenye tabibu wa meno na vifaa hivyo kinaweza kuziba jino mchana wa jua tu.

Kiini kikishakufa, jino linaweza kuokolewa kwa kutibu mzizi: linatobolewa, uozo wa ndani unasafishwa hadi nchani, na nafasi yake inajazwa. Hapo dawa huwekwa ndani ya jino kwa mkono, kwa kuwa damu haiwezi kuipeleka. Kunahitaji eksirei, vifaa na uvumilivu, na mara nyingi safari zaidi ya moja. Tiba hiyo ikikosekana Sumbawanga, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ipo Mbeya, safari ya basi kupitia Laela na Tunduma. Kwa meno ya mbele ya kijana, nauli hiyo inafaa. Asiyeweza hayo ang'oe, na ang'oe leo. Kung'oa si kushindwa, ni matibabu kamili. Afisa tabibu aliyefunzwa anaweza pia. Shirika la Bridge2Aid, lililoanzia Mwanza, limewafundisha matabibu wa vijijini kung'oa jino la dharura kwa usalama.

Ukifika, sema kama una mimba, kisukari, presha, ugonjwa wa moyo, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mjamzito anang'olewa na anachomwa ganzi. Usaha ni hatari kwake kuliko sindano. Jino la utoto lenye usaha lisiachwe kwa sababu "litang'oka lenyewe": chini yake kuna jino la kudumu linalojengwa, na usaha unaliharibu likiwa bado ufizini. Baada ya kung'oa, uma pamba nusu saa, usisukutue hadi kesho yake, usivute sigara wala kuweka ugoro, maana damu iliyoganda kwenye shimo ndiyo bandeji yake. Meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha. Hayo yote ni ya siku mbili tatu.

Kuna uvimbe usiongoja basi la asubuhi. Kumeza mate kumekuwa kazi na yanamwagika. Sauti imebadilika, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Ulimi umeinuka, chini ya kidevu pamekuwa pagumu pande zote mbili, pumzi inasikika. Jicho linafungwa na uvimbe. Taya halipitishi hata kidole kimoja. Homa inatetemesha. Mwenye hata moja kati ya hayo, awe Muze, Kasanga au Wampembe, atafutiwe gari au boti usiku huo huo, aketi wima njia nzima bila kulazwa chali, na apelekwe moja kwa moja hospitali yenye chumba cha upasuaji, bila kupitia dukani.